Yupo, Lakini Je, Yumo? Namna ya Kupima Ushiriki wa Mtoto Nje ya Shule

Muulize mzazi wa Makorora au wa Kigombe, mkoani Tanga, mwanawe anaendeleaje shuleni, atakujibu kwa alama na nafasi aliyoshika muhula uliopita. Muulize mtoto huyo huyo anashiriki vipi nyumbani, mtaani, kwenye chuo cha Kurani na pwani, utaambiwa, "Hajambo, anacheza na wenzie." Jibu la heri, ila halipimiki. Na kwa watoto ambao ushiriki wao ndio hasa unaotutia shaka, kama asiyesikia, anayetembea kwa taabu, mwenye kifafa, mwenye ualbino, au aliyeletwa juzi kulelewa na shangazi yake, jibu hilo huficha mengi mno.

Mwongozo huu ni wako wewe afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya wa kijiji, mwalimu, maalim wa chuo au mzazi mwenye kikundi cha wazazi wenzio. Hauhitaji kompyuta. Unahitaji daftari, picha ishirini na kitu zilizochorwa kwa mkono, vifuu vinne vya nazi, na subira ya mwezi mzima. Mwezi wenyewe ni wa kuandama, si wa kalenda ya ukutani, na sababu yake utaiona mbele. Kwenye kalenda ndipo vipimo vilivyoagizwa kutoka mbali hupotea njia vikifika pwani yetu.

Unapima nini

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 utaratibu wake wa kuainisha utendaji na ulemavu wa binadamu, na mwaka 2007 likatoa toleo la watoto na vijana. Humo ushiriki ni mtu kujihusisha na mambo ya maisha yake. Utaratibu huo unatenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya kila siku: anachoweza mtoto akipimwa, na anachofanya kweli pale anapoishi. Binti anaweza kupanda ngazi vizuri mbele ya mtaalamu wa viungo hospitalini Bombo, huku kwao Ngamiani hatoki hata kwenda duka la jirani, kwa kuwa mtaro wa mbele ya nyumba hauna kifuniko na mama anaogopa bodaboda. Uwezo anao, ushiriki hana. Kazi yako ni kupima ushiriki.

Watafiti kama Christine Imms wa Australia na Mats Granlund wa Sweden wameupasua ushiriki wenyewe sehemu mbili: kuwepo na kuwamo. Mtoto aliyewekwa kwenye kiti chake kando ya uwanja wa chandimu tangu alasiri hadi magharibi yupo. Ikiwa anahesabu magoli, anabishana na kuitwa atoe uamuzi, basi yumo. Ikiwa amewekwa pale ili mama apate nafasi ya kuchoma vitumbua, hayumo, ingawa kwa hesabu ya mara ngapi watoto hao wawili watapata alama ileile. Ndiyo maana dodoso linalouliza "mara ngapi kwa wiki" peke yake halifai kitu.

La tatu ni matamanio: je, anataka zaidi, anataka kupunguza, au pametosha? Gillian King na wenzake wa Kanada walitoa mwaka 2004 kipimo kinachomuuliza mtoto mwenyewe juu ya shughuli 55 za nje ya shule: unaifanya, mara ngapi, na nani, wapi, na unaifurahia kiasi gani. Mwaka 2011 Wendy Coster na wenzake wa Marekani na Kanada wakatoa kingine, cha wazazi wa watoto wa miaka 5 hadi 17, kinachouliza pia mzazi angependa nini kibadilike. Azima maswali yao, ni mazuri. Orodha zao za shughuli waachie, maana zimetokana na maisha ya watoto wa kwao.

Orodha itoke mtaani

Keti na watoto, wavulana mbali na wasichana mbali, wadogo mbali na wakubwa. Usiwaulize wanacheza nini, kwani watakutajia mpira na kunyamaza. Waambie wakusimulie jana yao tangu alfajiri mpaka walipolala, na ukatize kila mara kwa "halafu?" Kisha nenda kwa kina mama, kisha kwa bibi, kisha kwa maalim. Orodha itajitokeza yenyewe: kuteka maji, kufagia uwanja, kukuna nazi, kumbeba mdogo, kutumwa dukani, kwenda chuo, kuswali Ijumaa, maulidi, harusi na misiba, rede, kombolela, mdako, bao, tiara, kusukuma ringi, kutazama sinema kwenye kibanda umiza, kuogelea, kuokota kome, kusaidia kushusha samaki, kusuka ukili na bibi, kuuza karanga, kukaa barazani bila la kufanya. Hilo la mwisho usilifute. Kukaa barazani na watu ni shughuli.

Orodha ya Chongoleani haitakuwa ya Ngamiani, na ya Ngamiani haitakuwa ya Maramba, ambako bahari iko mbali. Iache kila moja iwe na vyake, mradi utatumia orodha ileile kwa watoto wote utakaowalinganisha. Isizidi picha 24 hivi, mtoto asichoke. Kipimo kimoja cha picha kilichobuniwa kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo, na kujaribiwa Afrika Kusini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria wakishirikiana na wenzao wa Sweden na Australia, kina picha 20, na zinatosha.

Usigawe orodha kuwa "kazi" na "michezo". Mtoto anayesukuma ringi huku ametumwa chumvi yuko wapi hapo?

Kutumwa ni jambo ambalo watu wazima hulisahau kabisa wakitengeneza orodha, kwa kuwa wamelizoea mno. Mimi nikilazimishwa kubaki na swali moja, ningebaki na hilo. Mtoto anayepewa fedha na ujumbe, akaenda, akarudi na chenji kamili na jibu la mtu, ni mtoto anayehesabiwa katika nyumba. Sara Harkness na Charles Super, waliokaa kijiji cha Kokwet kwa Wakipsigis wa Kenya miaka ya 1970, waliona kuwa watoto waliobabaika kwenye majaribio ya wageni ni hao hao ambao wazazi wao waliwasifu kwa akili, na akili hiyo ilipimwa kwa jinsi mtoto anavyoaminika akipewa kazi. Kwetu pwani mizani ni hiyo hiyo. Basi lichimbe: hutumwa wapi? Kwa fedha au bila fedha? Kuvuka barabara kubwa au kwa jirani tu? Kutamka ujumbe au kupeleka kikapu? Na pale ambapo mdogo wake wa miaka saba ndiye anayetumwa na mkubwa mwenye ulemavu anapitwa, umeshapata jambo ambalo mzazi hakulisema, pengine hata hakujua kuwa analifanya.

Picha zichorwe na mtu wa hapo. Watoto wavae kofia, mitandio na kandambili; vyombo vioshwe kwenye beseni; nazi ikunwe kwenye mbuzi. Waoneshe watoto watano na uulize, "Huyu anafanya nini?" Wawili wakikosea, chora upya.

Kalenda ya bahari

Vipimo vingi huuliza juu ya siku saba zilizopita. Kwa mtoto wa Ngamiani barabara ya kumi hilo linavumilika. Kwa mtoto wa Mwambani, Tongoni, Kigombe, Moa au Pangani, siku saba ni nusu tu ya habari. Maji ya bahari yetu yana bamvua mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati yake maji mafu. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta 3, miamba hutoka nje, na kina mama na watoto hutembea mbali kuchokoa pweza na kuokota kome na kaa. Maji yakiwa mafu, mwamba hautoki wa maana na hakuna wa kumwona pale. Ukipita wiki ya maji mafu utaandika kwamba watoto wa kijiji hiki hawaendi pwani.

Kuna zaidi. Kwenye ufuko wetu maji ya bamvua hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, na tena saa hizo hizo usiku. Maana yake kupwa kwenyewe ni saa za masomo. Mtoto anayesoma ataonekana mwambani pale tu bamvua linapoangukia Jumamosi, Jumapili au likizo. Na kwa kuwa bamvua hurudi baada ya siku kumi na nne na ushei, likishaangukia Jumamosi, lijalo huangukia Jumamosi au Jumapili, kisha husogea polepole mpaka kufika katikati ya wiki, na huko hukaa kitambo kabla ya kurudi. Watoto wawili wenye desturi ileile, mmoja akipimwa mwezi huu na mwingine miezi miwili mbele, wanaweza kukupa majibu mawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo kila fomu iwe na nafasi tatu juu: tarehe ya kawaida, siku ya wiki, na tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokwambia maji yalikuwaje. Swali lako lisiwe "wiki iliyopita" bali "tangu mwezi uandame" au "tangu bamvua lililopita". Watoto wa wavuvi hulijibu bila kufikiri.

Ukimwona mtoto mwambani saa nne ya Jumanne, tulia. Akihisi kuwa utampeleka kwa mwalimu mkuu, hutapata jibu la kweli kwake, wala kwa mtoto mwingine yeyote wa kijiji hicho.

Mambo mengine ya kalenda nitayataja kwa haraka. Vyuo vingi hupumzika Alhamisi na Ijumaa, hivyo alasiri ya Alhamisi si alasiri ya Jumatatu. Ramadhani hugeuza mchana kuwa usiku: michezo huanza baada ya tarawehe, na watoto huzunguka na sahani za futari kwa majirani, kwa hiyo pima Ramadhani peke yake au usiipime. Masika hufunga njia na viwanja. Juni na Desemba ni likizo. Muheza wana msimu wao wa machungwa. Na saa andika za kwetu: fomu iliyotafsiriwa ikiandika saa kumi kwa maana ya saa nne itakuletea watoto wanaooga alfajiri baharini. Wazee nao ukiwauliza juu ya usiku wa Ijumaa, wengi watakueleza ule wa kuamkia Ijumaa.

Vifuu vinne

Tandika mkeka, keti chini na mtoto. Weka vifuu vinne mbele yake kwa mstari: sifanyi kabisa, mara chache, mara nyingine, kila mara. Mpe picha mojamoja, aziweke mwenyewe. Anza na picha mbili za mchezo tu, kama kula na kuruka ukuta wa msikiti, mpaka acheke na kuelewa. Ukimaliza, toa picha zilizokaa kwenye kifuu cha kwanza, na kwa zilizobaki rudia raundi ya pili: ukiwa pale, unakuwa wa kutazama tu, unasaidia kidogo, unafanya na wenzio, au bila wewe haiendi? Raundi ya tatu, tandaza zote na umwambie achague tatu ambazo anazitaka zaidi kuliko zote, ziwe anazifanya au hazifanyi; zile anazotaka kupunguza nazo zitenge, uziandike kwenye safu yake. Kwa hizo tatu tu uliza nini kinamzuia na nani anaweza kumsaidia. Mtoto mchangamfu humaliza kabla hajachoka. Mwingine mgawie siku mbili.

Baada ya hapo chukua picha zilezile kwa mtu mzima, mbali na mtoto. Mtu mzima yupi? Si lazima mama. Uliza kwanza nani anamwona huyu mtoto kuanzia alasiri. Mara nyingi ni bibi, au dada aliyemaliza darasa la saba, na yeye atakupa picha sahihi kuliko mama anayerudi sokoni magharibi. Majibu ya mtoto na ya mkubwa yakipishana, usiyachanganye ukatoa wastani. Kupishana kwenyewe ni matokeo, yaandike.

Mtoto wetu amefunzwa kusema ndiyo mbele ya mkubwa, hivyo usimhoji maalim akiwa amekaa pembeni, wala usiulize, "Unapenda kucheza rede, sivyo?" Kwa asiyesikia, mtafute ndugu anayezijua ishara za nyumbani kwao. Kwa asiyesema, shika picha mbili umbali wa mkono na ufuate macho yake.

Kama hujui mtoto ana ugumu wa aina gani, UNICEF na Kundi la Washington la takwimu za ulemavu walitoa mwaka 2016 maswali kwa mama au mlezi, fungu moja kwa miaka 2 hadi 4 na jingine kwa miaka 5 hadi 17. Yatumie kuueleza ugumu. Hayapimi ushiriki, na yasikae badala yake.

Kupita bila taarifa

Maneno yana mipaka. Ruth na Robert Munroe, kwa Walogoli wa magharibi ya Kenya, walitumia njia rahisi ya kumpitia mtoto nyakati zisizotarajiwa na kuandika alichokutwa anafanya, na wakaandika pia umbali wake kutoka nyumbani. Ifuate. Andika saa mbalimbali kwenye vikaratasi, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku, na asubuhi za mwisho wa wiki, uchague kwa kura. Mpitie kila mtoto mara kumi hivi ndani ya mwezi mmoja. Andika mambo matano: yuko wapi, hatua ngapi kutoka mlangoni kwao, yu na nani, anafanya nini, na kama ametumwa au kajiamulia. Hayupo? Uliza aliko, kisha uende ukamwone.

Hodi ni lazima, na ukishapiga hodi nyumba nzima hujipanga. Dawa yake ni kukubaliana na wenyewe mapema kwamba mwezi huu utakuwa unapita, na kumtumia mwanamke wa mtaa huo huo ambaye kuingia kwake uani hakumshtui mtu. Mwanamume mgeni akipita nyumba ambazo waume wako baharini, kazi yako itakwisha siku ya kwanza.

Hesabu ya hatua ninaipenda kuliko zote. Mtoto ambaye kila ukimpitia hajavuka hatua thelathini kutoka mlangoni, wakati wa rika lake wanakutwa bandarini au uwanja wa pili, amekwambia mengi bila kuulizwa.

Kuhesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa miaka 11, mguu mmoja dhaifu, picha 24. Anafanya shughuli 14. Wenzake saba wa rika na jinsia yake mtaani, ukiwapanga kwa mstari, wa katikati anafanya 19. Katika hizo 14, tisa anazifanya kila mara, na tano tu ndizo ambazo yumo hasa. Ukijumlisha yote na kugawanya utapata namba isiyosema kitu. Usiifanye. Tazama zile tisa: kuosha vyombo, kukuna nazi, kubembeleza mdogo, zote za ndani ya ua. Tazama asizofanya: kutumwa, rede, maulidi ya mtaa wa pili, mwambani. Na picha tatu alizochagua ni dukani, rede, na pwani na shangazi yake. Mama anasema ni mguu. Mtoto anasema wenzie humwita jina baya akikosa mpira. Shangazi anasema hakuna aliyewahi kumwambia amchukue. Hapo una mpango wa kazi: duka kwanza, kwa kuwa ni la mama peke yake kuamua, shangazi wa pili, rede ni ya kuzungumza na watoto wenyewe.

Basi kwa kila mtoto toa mistari minne, isiyojumlishwa: aina ngapi, mara ngapi, yumo katika ngapi, na picha zake tatu. Rudia baada ya miezi mitatu au minne katika maji yale yale. Badiliko la picha moja si habari. Na kabla hujaamini badiliko lolote, warudie watoto wachache baada ya siku chache tu: ikiwa majibu yao yamepishana sana, tatizo ni picha zako.

Andika pia mazingira, maana mara nyingi ndiyo yanayobadilika kwa urahisi kuliko mtoto. Mchanga usiopitisha kiti cha magurudumu, mtaro, choo cha chuo chenye ngazi, jua la saa saba kwa mwenye ualbino ambaye angecheza vizuri saa kumi na moja kama wenzake wangekubali kusogeza mchezo.

Zaidi si bora kila mara

Mtoto wa miaka 10 anayeuza karanga stendi saa tatu usiku atapata alama za juu kwa mara ngapi, kwa umbali, hata kwa kuwamo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ileile inayomhesabia mtoto haki ya kucheza na kupumzika, inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa ajira na kukataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Safu ya "nataka kupunguza" ndiyo itakayokuonesha watoto kama hao, kwa hiyo usiiache hata kama fomu imejaa. Ukikuta madhara, yapeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto.

Ruhusa ni fupi kueleza: mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji wake, mzazi, kisha mtoto mwenyewe, ambaye akisema hataki inatosha. Ukitaka kuchapisha kama utafiti utahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na yakigusa afya, idhini ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Majina ya watoto yabaki kwenye daftari moja lenye kufuli, na fomu ziwe na namba tu.

Na kama huna mwezi mmoja, picha wala vifuu, usiache. Mpitie kila mtoto wa mtaa wako umuulize mawili: jana ulitumwa wapi, na nani alikuja kukuita mcheze? Watakaokosa jibu la yote mawili, anza nao.